Mguu Mmoja Tu, na Hakuna Aliyemshinda!

Mpenzi msomaji, hivi umewahi kuishi na mtu ambaye kila siku wimbo wake ni "ningekuwa na hiki, ningefika mbali"? Mimi nimeishi naye sana, maana mtu huyo ni mimi mwenyewe. Niliumia goti la kulia mazoezini, na goti hilo likawa kisingizio cha kila kitu. Nikaacha karate, nikaota kitambi, nikawa mtu wa kununa nyumbani. Mama watoto akiniuliza kulikoni, namjibu, "Si goti hili!"

Siku moja nikakutana na mwalimu wangu wa zamani. Akanisikiliza weee, kisha akaniuliza, "Bill Wallace unamjua?" Nikamwambia namjua, si yule adui wa Chuck Norris kwenye filamu ya A Force of One ya mwaka 1979? Akacheka. "Basi yule naye aliumia goti la kulia kama wewe. Kafuatilie habari zake, halafu uje tuongee."

Nikafuatilia. Jamani, nilijionea aibu.

Bill Wallace alizaliwa Desemba 1, 1945, mjini Portland, jimbo la Indiana, Marekani. Alianza na judo, lakini mwaka 1966 goti lake la kulia likaumia vibaya mazoezini. Mwingine angekaa chini akalia. Yeye, mwaka 1967, akiwa askari wa jeshi la anga, akaingia kwenye karate ya mtindo wa Shorin-ryu. Yaani mtu ambaye mguu mmoja haufai kupiga, anachagua mchezo wa mateke!

Mguu mmoja, kazi tatu

Hapa ndipo palinigusa. Wallace hakungoja goti lipone ndipo aanze kuishi. Alisimama kiubavu, mguu wa kushoto mbele, na ule wa kulia akaupa kazi moja tu unayoiweza, kumbeba. Wa kushoto akaufundisha mateke matatu: la ubavu linalosukuma kama nguzo, la kuzungusha linalotua shavuni, na la kulabu, ambalo linakupita kama limekukosa, kumbe linarudi na kisigino.

Ujanja wenyewe ni kwamba yote matatu yanaanza sawasawa, goti limepandishwa juu. Mpinzani anaona goti limepanda, basi, hajui kitakachofuata. Akikinga tumbo, anaipata ya kichwa. Akikinga shavu la kulia, kisigino kinamjia la kushoto. Watu wakambatiza jina la "Superfoot", na inasimuliwa kuwa teke lake lilifika kasi ya maili 60 kwa saa. Si mchezo!

Kwanza alitamba kwenye karate ya pointi, ile ambayo teke halipigwi kwa nguvu zote na mwamuzi anahesabu alama. Lakini mwaka 1974 mambo yakabadilika. Yalifanyika mashindano ya dunia ya wanakarate wa kulipwa mjini Los Angeles, watu wakavaa glovu na kupigana kikwelikweli. Huko ndiko kikiboksi ya kulipwa ya Marekani ilikochipukia, na Wallace akaondoka na ubingwa wa uzito wa kati. Aliushikilia mpaka alipostaafu mwaka 1980, akiwa ameshinda mapambano 23 bila kupoteza hata moja. Na kumbuka, wapinzani wote walijua teke litatoka mguu upi. Siri hakuna, na bado walishindwa kulizuia.

Mwalimu wa mastaa

Nje ya ulingo, jamaa alikuwa msomi. Alisomea elimu ya viungo mpaka shahada ya uzamili, huko Memphis. Mji huohuo alikuwa akiishi Elvis Presley, mwanamuziki aliyeipenda karate kupita kiasi, na Wallace akawa rafiki na mwalimu wake. Mguu wa kushoto ulipoumia, ule wa kutegemewa, Elvis alimleta nyumbani kwake mtaalamu wa tiba ya sindano kutoka Los Angeles ili amtibu. Nikajiuliza, je, angekuwa mtu wa kuficha maumivu, nani angemsaidia?

Swali hilo likanirudia nilipofika kwenye sehemu ya kusikitisha. Baada ya kustaafu, Wallace alimfanyisha mazoezi na kumlinda mchekeshaji John Belushi, nyota wa filamu ya The Blues Brothers. Machi 5, 1982, alikwenda kumwona hotelini Los Angeles akamkuta hapumui. Akajaribu kumpulizia pumzi na kumbonyeza kifua, wapi! Belushi alikufa akiwa na miaka 33 tu, kwa mchanganyiko wa heroini na kokeini.

Nilipofika hapo nilinyamaza kwa muda. Bingwa wa dunia, mwalimu wa viungo, mtu mwenye mguu wa ajabu, na bado hakuweza kumwokoa mtu aliyekuwa akimfanyisha mazoezi. Mwalimu anaweza kukuonyesha namna ya kusimama na mguu mmoja, lakini kukubali kwamba mguu wa pili ni mbovu ni kazi yako mwenyewe, na hakuna wa kukufanyia.

Wallace aliendelea kufundisha kwa miaka mingi, akizunguka nchi mbalimbali kuwaonyesha vijana mateke yaleyale matatu. Hakuongeza la nne ili kujionyesha.

Nami usiku ule nilimwambia mama watoto ukweli ambao nilikuwa nauzungukazunguka. Nilimwambia kuwa goti linauma, ndiyo, lakini ninachokiogopa hasa ni kurudi mazoezini nikachekwa na vijana. Akaniangalia, akasema, "Sasa hilo ndilo ulikuwa unaninunia miezi yote hii?" Tukacheka mpaka watoto wakaamka.

Jumamosi iliyofuata nilirudi. Goti halijapona, na huenda lisipone. Nasimama kiubavu, mguu wa kushoto mbele. Vijana wanacheka kidogo, halafu wanakula teke.

Je, msomaji wangu, wewe goti lako ni lipi? Na nyumbani kwako, kuna anayelijua?