Mji Mkuu Usio na Ukuta: Kumtembeza Mgeni Heru na Muhambwe

Mgeni anayefika Kigoma akitaka historia hupelekwa Ujiji. Anasimamishwa chini ya miembe iliyotokana na ule mwembe wa zamani, anaonyeshwa mnara, anasimuliwa jinsi Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, alivyomkuta Dk. Livingstone mwaka 1871. Baadaye ataona stesheni ya Wajerumani, ambako reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika mwaka 1914, na kesho yake atapanda boti kwenda Gombe kuwatazama sokwe. Yote hayo ni mazuri, na ninayafundisha. Lakini ukisimama Ujiji ukalipa Ziwa Tanganyika mgongo, nchi inapanda kuelekea Kasulu na Kibondo, na huko juu kulikuwa na falme zilizokuwa na makao ya wafalme, mabaraza, ushuru wa njiani na mahali patakatifu. Ni nadra mgeni kugeuzwa uso atazame upande huo. Waongoza watalii vijana hunieleza sababu ileile: "Kule hakuna cha kuonyesha."

Kauli hiyo inastahili kujibiwa kitaalamu, maana si uvivu wa vijana peke yake. Inatokana na namna dunia nzima ilivyozoea kuutambua mji wa kale: kwa mawe.

Buha, nchi ya Waha iliyo huko juu, haikuwa dola moja. Kulikuwa na Heru katika eneo la Kasulu, Muhambwe katika Kibondo ya leo, Buyungu upande wa Kakonko, na nyingine ndogo zaidi, ikiwemo Bujiji iliyoiachia Ujiji jina lake. Kila moja ilikuwa na mwami wake, yaani mfalme, na chini ya mwami walikuwepo watware waliosimamia maeneo. Pembeni ya mamlaka hayo walikuwepo wateko, wazee wa ardhi, ambao koo zao zilihesabiwa kuwa za kwanza kuifungua nchi na ambao ndio waliojua namna ya kupatana na nguvu za mahali: msitu, chemchemi, mlima. Mwami alitawala watu. Mteko alikuwa na neno juu ya udongo wenyewe. Majina ya falme hizo hayajafutika. Mpiga kura wa Kibondo bado anamchagua mbunge wa Muhambwe, na wa Kakonko mbunge wa Buyungu, ingawa wengi hawasimuliwi kwamba wanatamka majina ya himaya.

Makao ya mwami yalijengwa kwa miti, matete na nyasi, kama yalivyojengwa makao ya wafalme wa jirani zake wa Burundi na Rwanda. Nyumba kubwa ya nyasi inahitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Ikiachwa inaoza, mchwa wanamaliza nguzo, na katika kizazi kimoja kilima kinabaki na majani. Tena mwami mpya aliweza kuhamia kilima kingine. Kwa hiyo anayekuja Heru akitafuta ukuta ataondoka akisema hakuna kitu, na atakuwa ametafuta kitu ambacho hakikuwahi kuwepo.

Hali hiyo si ya Buha peke yake. Tazama Asia, ambako ziara za mahekalu ya Kibudha na miji ya kale ni biashara kubwa. Bagan, nchini Myanmar, ilikuwa mji mkuu wenye nguvu kati ya karne ya 11 na ya 13, na iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2019. Mtalii anaona uwanda wenye mahekalu na minara zaidi ya 2,000 ya matofali, anadhani mji ule ulikuwa wa mahekalu matupu. Sivyo. Matofali yalitengwa kwa ajili ya dini, kwa sababu kujenga hekalu kulimpatia mjenzi thawabu. Wakulima, mafundi, hata mfalme mwenyewe waliishi katika nyumba za mbao, mianzi na nyasi, na nyumba hizo zimekwisha zote. Mwongozaji hodari wa Bagan anautumia muda wake mwingi kwenye uwanja mtupu ulio kati ya hekalu na hekalu, akieleza soko lilivyokuwa na maji yalivyowavuta watu kuja kukaa. Kazi yake pale haina tofauti na kazi ya kijana wa Kasulu juu ya kilima cha Heru. Tofauti ni kwamba mwenzake wa Bagan amefundishwa.

Mfano wa Sri Lanka unatufaa zaidi. Anuradhapura, mji mkuu kwa zaidi ya miaka 1,000, una minara mikubwa ya matofali inayoonekana kutoka mbali, lakini moyo wake ni mti. Kwa mapokeo ya Wabudha, ule mti wa Bodhi ulichipua kutoka kwenye tawi la mti ambao Budha alikaa chini yake akapata nuru, na ulipandwa pale katika karne ya 3 KK. Mahujaji wanaukaribia bila viatu, wengi wamevaa nguo nyeupe. Hakuna anayewauliza kwa nini wanatembea mbali kote huko kwenda kuona mti. Hata Dar es Salaam, katika hekalu la Kibudha la Upanga lililoanzishwa na Wasinhala waliohamia huku mwanzoni mwa karne ya 20, utakuta mti wa aina hiyo.

Na karibu zaidi na sisi, Kampala, makaburi ya wafalme wa Buganda ya Kasubi yanafunza jambo jingine. Jumba lake kuu la nyasi, alimozikwa Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1884, liliingia Urithi wa Dunia mwaka 2001, likaungua Machi 2010, likajengwa upya kwa mikono ya koo zenye dhamana ya kuezeka, na mwaka 2023 likaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Hakuna unyasi mmoja wa siku ya kwanza uliobaki. Kilichohifadhiwa ni ujuzi, na koo zenye haki ya kuutumia.

Basi kilima cha Heru kisomwe kwa miti. Palipokuwa na boma palizungushiwa ua wa vigingi, na vigingi vya miti ya jamii ya mkuyu vina tabia moja inayomfaa mwongozaji kuliko kitabu: ukikata tawi bichi ukalichomeka ardhini msimu wa mvua, linaota. Ua unageuka kuwa mstari wa miti hai. Nyumba zinaoza, watu wanahama, lakini miti inaendelea kunenepa, na baada ya vizazi vitatu au vinne unakuta mikuyu mikubwa ya umri mmoja, imesimama kwa mviringo au kwa mkunjo ambao msitu hauwezi kuupanga wenyewe. Rwanda na Burundi miti ya namna hiyo juu ya mahame ya wafalme inaitwa ibigabiro, na inaheshimiwa. Mwongozaji amsimamishe mgeni nje ya mviringo, amwache aangalie nafasi kati ya shina na shina, halafu amwonyeshe pengo lililo pana kuliko mengine na kumuuliza watu waliingilia wapi. Mgeni akilijibu swali hilo mwenyewe, ameanza kuuona mji.

Kisha ashushe macho chini. Minyaa iliyojipanga inaweza kuwa alama ya mpaka. Udongo mweusi ulio laini kuliko wa jirani huenda ulikuwa jalala au zizi la ng'ombe. Vigae vya vyungu na mawe ya kusagia vinatokea shambani baada ya mvua, na hapa mwongozaji awe mkali: vitazamwe, vipigwe picha, virudishwe palepale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863, yakiwemo makaburi, na kuchimba bila kibali ni kosa. Zaidi ya sheria, kigae kilichoondolewa mahali pake hakisemi tena kitu chochote.

Adabu ya mahali ifundishwe kabla ya kushuka garini. Mwongozaji wa Kandy au Yangon hamsubiri mgeni akosee mbele ya sanamu: anamweleza mapema kwamba viatu vinavuliwa, mabega na magoti yanafunikwa, mnara unazungukwa kwa kuuweka mkono wa kulia, na hupigi picha ukiwa umeipa sanamu mgongo. Heru na Muhambwe nako kuna mambo yake. Ziara inaanzia ofisi ya mtendaji wa kijiji, si mlimani. Wazee wanasalimiwa kwanza, na mgeni akijua kusema "Mwakeye", salamu ya Kiha ya asubuhi, mazungumzo yanafunguka. Msitu mdogo uliobaki katikati ya mashamba huenda unajulikana kwa ukoo fulani, na ukoo huo ndio wa kuulizwa kama watu wanaingia au wanaishia ukingoni. Wakisema hapana, mgeni atatazama kutoka ukingoni. Na mwongozaji akumbuke kwamba wenyeji wengi leo ni Wakristo na Waislamu. Kasulu yenyewe ni makao ya dayosisi ya Kianglikana. Wapo wasiopenda matambiko ya babu zao yageuzwe maonyesho. Asiwasukume, na asiwaombe waigize.

Kuna kisa kimoja ambacho ningependa kila anayesimama chini ya mwembe wa Ujiji akisimulie, kwa sababu kinaunganisha mwembe na milima. Kabla ya kumfikia Livingstone, msafara wa Stanley ulipita Buha upande wa kusini. Wenye nchi wakamdai hongo, yaani ushuru wa kupita, na akalipa vitambaa vingi. Alipoambiwa kwamba mbele kuna wengine wanaosubiri haki yao, akatafuta mtu anayeijua nchi, akaondoka usiku kwa kificho, msafara mzima ukaiacha njia na kupita porini. Stanley ameandika kama mtu aliyeonewa. Mimi nakisoma kisa hicho kama ushahidi wa serikali: watu wanaojua mipaka yao, wanaokadiria mzigo na kutoza. Mgeni aelezwe hivyo, na atatoka Ujiji akitaka kuiona nchi iliyomtoza Stanley.

Watu wenyewe wamehama mara nyingi, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza, ikipambana na malale, iliwakusanya watu wa Kibondo na Kasulu katika makazi ya pamoja ili kuwatenga na mbung'o, na vilima vingi vikarudi kuwa pori. Vijana walikwenda kwa maelfu kukata mkonge Tanga kama manamba, baadhi hawakurudi. Miaka ya 1970 ikaja operesheni ya vijiji, familia zikahamishwa tena. Matokeo yake, anayekaa leo chini ya kilima cha kifalme huenda babu yake alitoka mbali, na mjukuu wa mlinzi wa kilima kile anaweza kuwa anaishi kijiji cha mbali. Usimuulize aliye karibu na barabara tu. Uliza familia yake ilitoka wapi kabla ya vijiji, umfuate mwenye habari aliko.

Jambo moja nalisema bila kulainisha. Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu, na Nduta ya Kibondo, iliyofunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi, ni makazi ya wakimbizi. Si kituo cha ziara. Kuingia kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na hata mgeni mwenye udadisi wa nia njema hana sababu ya kupelekwa kutazama watu waliopoteza makwao. Mwongozaji akipita barabarani aeleze historia ya mipaka hii kwa heshima, gari liendelee.

Kibondo inafaa ipewe siku yake, hasa kwa asali na kwa simulizi za Muhambwe. Mashariki yake yanaanza maeneo oevu ya Malagarasi na Muyovozi, ya kwanza Tanzania kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Wakati wa kurudi, ukipata gari la kupitia Uvinza, simama kwenye chemchemi za chumvi. Wanaakiolojia waliochimba pale mwaka 1967 walikuta dalili kwamba watu walikuwa wakichemsha maji ya chumvi tangu karne ya 5 au ya 6. Hakuna hekalu la Bagan linalofikia umri huo.

Lililo la haraka kuliko yote ni watu. Heru ilitawaliwa hadi mwisho wa ukoloni na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, na mwaka 1963 serikali huru ikafuta utawala wa machifu nchi nzima. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka huo, aliyebeba maji kwenye boma au kusikia ngoma zake, sasa amevuka 70. Kabla ya kuchapisha kipeperushi au kutengeneza kibao cha barabarani, waongoza watalii wa Kasulu na Kibondo waende na simu zao, kwa ruhusa ya familia, warekodi jina la kilima, jina la ukoo, nani alikaa upande gani wa ua, maji yalichotwa wapi. Nakala moja ibaki kwa familia, nyingine kwa afisa utamaduni wa wilaya. Na mzee alipwe kwa siku aliyowapa, kiasi kikubaliwe mbele ya mtendaji na kuandikwa, kama anavyolipwa fundi au dereva.