Somo la Maji Lianzie Kisimani

Mwanafunzi wetu wa Unguja hukariri kuwa vijito huingia mtoni na mto baharini, ilhali maji anywayo hupita njia nyengine. Mvua huzama maweni, ikakaa chini juu ya maji ya chumvi, kwani maji matamu ni mepesi. Yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda kisimani. Basi watoto wapelekwe chemchem ya Bububu, ambayo Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, aliitandikia mabomba hadi mjini. Kisha wapime visima vya kijijini kwa kamba na jiwe, kaskazi na masika. Kamba haihitaji kasma. Na ndugu zetu wanaogawa viwanja juu ya ardhi inywayo mvua hiyo, nao waalikwe darasani.