Mshauri Nasaha Hupimwaje? Kipimo Kielewe Lugha na Mila Zetu

Mshauri nasaha anapomhudumia mkaazi wa Amalemba, hakuna kipimo cha maabara cha kuonyesha kama ameifanya kazi vizuri. Ustadi wake hupimwa kwa kutazamwa. Njia moja inayotumika ni igizo: mtu aliyefunzwa hujifanya mteja, mshauri humsikiliza na kumsaidia, naye mpimaji hujaza alama katika fomu.

Mojawapo ya fomu hizo ni ENACT, iliyotengenezwa Nepal na kuchapishwa mwaka wa 2015. Baadaye iliingizwa katika EQUIP, mpango wa Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF uliozinduliwa mwaka wa 2022 baada ya kujaribiwa katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo. Kila ustadi hupewa alama kati ya 1 na 4. Alama ya 1 ni onyo kwamba mshauri anaweza kumdhuru mteja.

Kwa nini fomu isitumike ilivyo?

Kwingineko, kumtazama mtu machoni ni dalili ya kumsikiliza. Kwetu, kijana anayezungumza na mzee huweza kuinamisha macho kwa heshima. Mpimaji asiyejua hilo atamnyima alama mshauri kijana aliyefanya vyema.

Lugha nayo ina uzito wake. Mteja anaweza kusema "nawaza sana" au "moyo ni mzito" bila kutaja ugonjwa wowote. Mshauri anayengojea neno la kitabuni atampoteza mtu huyo.

Kwa hivyo, kutafsiri fomu hakutoshi. Washauri, wapimaji na wakaazi wanapaswa kuketi pamoja na kukubaliana jinsi heshima na usikivu vinavyoonekana hapa. Kisha wapimaji watazame igizo moja, kila mmoja atoe alama peke yake. Wakitofautiana sana, kipengele hicho kiandikwe upya au wapimaji wafunzwe tena.

Yasiyobadilika

Mila haiondoi wajibu wa kutunza siri ya mteja. Wala haiondoi swali kuhusu kujiua. Katika nyumba nyingi neno hilo halitamkwi, na kwa miaka mingi kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai, hadi Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Mshauri anaweza kuanzia mbali, kwa kuuliza kuhusu usingizi au kuchoshwa na maisha. Lakini ni lazima afike kwenye swali lenyewe, kwa maneno ya wazi. Kuuliza hakumpi mtu wazo la kujiua. Mara nyingi humfungulia mlango wa kusema. Fomu inayompitisha mshauri aliyeliruka swali hilo kwa kuona haya haijafuata mila, imemwacha mteja hatarini.

Mkaazi, una haki gani?

Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka wa 2014 inawataka washauri wasajiliwe na Bodi yao. Una haki ya kumwuliza mshauri kama amesajiliwa, na kuomba mzungumze kwa lugha unayoielewa vyema.

Ukiona jirani au jamaa anataka kujidhuru, usimwache peke yake. Mfikishe mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu au katika hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Kakamega.