Kujaza Mrija na Kujaza Kanula

Mgonjwa wa kisukari atumiaye pampu ya insulini hubadilisha mrija na kanula kila baada ya siku 2 au 3. Mara nyingine, saa chache baadaye, sukari ya damu hupanda. Huenda kanula, yaani sindano laini ya plastiki ikaayo chini ya ngozi, imepindika, au haikujazwa. Hapo ndipo mfasiri wa maelezo ya pampu anapohusika.

Mrija hujazwa kabla ya kuunganishwa na mwili, nao waweza kuchukua yuniti 10 au zaidi. Kanula hujazwa ikiwa tayari mwilini, kwa sehemu tu ya yuniti moja. Mfasiri aandikapo “jaza” kotekote, msomaji atajuaje? Akiruka tendo la pili, sukari hupanda. Akijaza mrija uliokwisha kuunganishwa, hupokea insulini ya kupita kiasi, na sukari kushuka kwa hatari.

Kwa hiyo napendekeza “kujaza mrija” na “kujaza kanula”, bila kufupisha popote. “Kijimrija” kwa maana ya kanula lisitumiwe, ingawa lina sura ya Kiswahili zaidi: laelekea mno kuchanganywa na mrija wenyewe, na wauguzi wamekwisha kuzoea “kanula”.