Sifongo Asiyeshikwa na Utando

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Hadithi ya leo inaanzia chini ya bahari, kwenye mwamba wa matumbawe uliokuwa unakufa. Katikati ya msiba ule alikaa sifongo mmoja, mzima wa afya, safi, kana kwamba yanayowapata majirani hayamhusu. Peter Moeller, mkemia wa mambo ya bahari kutoka Charleston, Marekani, akajiuliza swali ambalo hata ninyi mngeliuliza: huyu amewezaje?

Sifongo, kwa wasiomjua, ni mnyama. Msimcheke. Hana kichwa, hana miguu, hana moyo. Kazi yake ni kuvuta maji kwa vitundu vyake, kuchuja chakula, na kuyatoa tena. Kina mama wa Jambiani, kule Unguja, wanamfuga kwenye kamba baharini na kumuuza kwa watu ili wamtumie kuogea.

Sasa fikirini. Chochote kinachokaa baharini, kiwe jiwe, ubao au ngalawa, hakikawii kushikwa na utelezi, na wa kwanza kufika hapo ni bakteria. Mvuvi ana njia yake: anaipandisha ngalawa pwani, anaikwangua, anaichoma tumbo kwa moto wa makuti. Sifongo hana mikono. Amebanduka wapi? Yuko pale pale, mchana na usiku anapitisha mwilini maji yenye bakteria tele, na bado hashikwi. Kiumbe asiyeweza kukimbia wala kupigana hana budi kuwa mkemia.

Tutarudi kwake. Kwanza tuutazame huo utelezi.

Tia kidole ndani ya dumu la maji ambalo halijaoshwa wiki nzima. Kinateleza, sivyo? Au pitisha ulimi kwenye meno asubuhi kabla ya kupiga mswaki, uusikie ule ukoga. Vyote viwili ni utando wa bakteria: mamilioni yao wamegandamana mahali pamoja na kujifunika ute walioutengeneza wenyewe kwa sukari na protini. Aliyewaona kwanza ni mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek, aliyejitengenezea hadubini kwa mikono yake. Mwaka 1683 aliwaandikia wataalamu wa Royal Society, London, kuwaeleza kwamba amekwangua meno yake, akauchanganya ukoga na maji, akaona vidudu vikichezacheza humo. Kisha akafanya jambo ambalo mimi nalipenda kuliko ugunduzi wenyewe: akajaribu siki. Vidudu vya nje vikafa. Vya ndani ya ukoga vikabaki salama, kwani siki haikuvifikia. Imepita miaka zaidi ya 300, na daktari wa leo anahangaika na jambo lile lile. Siki tu ndiyo iliyobadilika.

Utando huo hushika kwenye mpira wa mkojo wa mgonjwa, kwenye nyonga ya bandia, kwenye kidonda cha mguu cha mwenye kisukari. Mgonjwa anameza dawa, anapata nafuu, wiki mbili baadaye homa imerudi.

Mmoja wenu ataniuliza: Babu, kwani dawa haipenyi kwenye ute? Mara nyingi inapenya. Shida ni kile inachokikuta ndani. Chukueni penisilini. Yenyewe huvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria. Bakteria anayekua hujenga ukuta wake kila wakati. Dawa ikimwingilia, ukuta unabaki na mapengo, maji yanamjaa, anapasuka. Lakini katikati ya utando chakula ni haba na hewa ni haba, kwa hiyo bakteria wa huko wanaacha kukua. Wamelala. Asiyejenga ukuta ataharibiwa ukuta gani? Dozi inakwisha, wao wanaamka.

Kulala huko msikuchanganye na usugu wenyewe, ambao Tanzania wataalamu wa afya huufupisha UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Bakteria sugu yuko macho, tena ana silaha. Wako wenye kimeng'enya kinachoikata penisilini kabla haijafanya kazi. Wanasayansi wanakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na kiwango cha vifo kilikuwa kikubwa zaidi kwetu, Afrika kusini mwa Sahara. Mgonjwa akipata vyote viwili kwa pamoja, utando na usugu, daktari hubaki na vitu vichache sana mkononi.

Tangu zamani dawa za bakteria zimekuwa na wazo moja: ua. Wazo zuri, limeokoa watu wengi mno. Ila ukitaka kuua wote, anayesalia ni yule mwenye silaha, na ndiye atakayezaa. Ndipo wakemia wengine wakauliza: je, kama hatumuui, bali tunamzuia tu asijenge utando?

Ili kumzuia inabidi ujue anajengaje, na hapo ndipo hadithi inaponoga. Mwaka 1970 Wamarekani wawili, Kenneth Nealson na Woodland Hastings, walikuwa wakichunguza bakteria wa baharini wanaotoa mwanga. Wakiwa wachache, giza tupu. Wakiwa wengi, wanawaka wote kwa pamoja. Walijuaje kwamba wametimia? Kila mmoja hutoa kemikali kidogo majini. Ni kama watoto waliojificha gizani wakitaka kuvamia mwembe wa jirani: kila mmoja anapiga mluzi mdogo. Ukisikia mluzi mmoja, unatulia. Ukisikia kumi na tano, mnatoka wote. Bakteria wengi hupeana habari kwa njia hiyo, na wengi wao huitumia pia katika kujenga utando.

Basi mwani mmoja mwekundu wa Australia, Delisea pulchra, aliujua ujanja huo kabla ya maprofesa. Miaka ya 1990, Staffan Kjelleberg na Peter Steinberg wa Sydney walionyesha kwamba mwani huyo hutengeneza furanoni, kemikali zenye bromini, ambazo huuvuruga ule mluzi. Bakteria wapo, wanapiga, lakini hawasikilizani. Bahati mbaya furanoni hizo ni kali, zinadhuru hata seli zetu, hivyo hazikufaa kumezwa na mtu.

Turudi kwa sifongo. Moeller alishirikiana na mkemia Christian Melander, wakati huo akiwa North Carolina State University. Masifongo wa jamii yake, Agelas, hutengeneza molekuli iitwayo ageliferini, kubwa, yenye mikunjo mingi, ngumu kuiunda maabara. Melander na wenzake hawakuing'ang'ania yote. Waliipunguza mpaka wakabaki na sehemu iliyofanya kazi: pete ya pembe tano, kaboni tatu na nitrojeni mbili, na kwenye kaboni iliyo katikati ya zile nitrojeni mbili pamening'inia nitrojeni ya tatu. Ichoreni kwenye daftari, haina ugumu. Kutoka kwenye pete hiyo wakaunda molekuli nyingi ndogo.

Wakaziweka penye bakteria maabara. Utando haukujengeka. Ule uliokwisha kujengeka ukaanza kuachana. Na bakteria? Wazima! Hawakufa, walitawanyika tu. Kisha likatokea lile ambalo, kwa maoni yangu, ni kubwa kuliko yote: baadhi ya molekuli hizo zikitiwa pamoja na antibiotiki ya zamani, bakteria sugu aliyekuwa akiidharau dawa ile akarudi kuiogopa.

Msikimbilie kushangilia. Bakteria waliotawanyika wanaweza kuingia kwenye damu, kwa hiyo si busara kuvunja utando bila antibiotiki ya kuwapokea. Tena, kinachofaulu kwenye sahani ya maabara huenda kikashindwa ndani ya mwili wa mtu. Molekuli za Melander hazijafika famasi, na hakuna daktari anayekuandikia leo.

Lakini wazo la kuipa dawa msaidizi liko famasi tayari, pengine hata kwenye kabati la nyumbani kwenu. Kuna bakteria wa udongoni anayetengeneza asidi ya klavulaniki, ambayo hukizuia kile kimeng'enya kinachokata penisilini. Tangu mwaka 1981 Waingereza wameiuza ikiwa imechanganywa na amoksilini, na leo iko famasi zetu pia. Mkiona boksi la amoksilini lenye jina hilo la pili, mjue kwamba huyo wa pili peke yake hawezi kukutibu. Amewekwa humo kumlinda mwenzake.