Mwimbaji Asiye na Tajiri

Katika biashara ya muziki wa roki huko Marekani, mwimbaji anayetunga nyimbo zake na kujipigia gitaa aghalabu huanza kazi akiwa na bidhaa asiyojua kuifikisha sokoni. Hapo ndipo inapomjia kampuni ya santuri, ikampa arbuni, ikamlipia studio, ikapeleka sahani zake madukani na jina lake redioni, kisha ikajilipa arbuni na gharama za studio kutoka katika mrabaha wake mpaka deni likwishe, jambo ambalo kwa walio wengi halitokei. Na hata likitokea, rekodi yenyewe, maadamu mkataba umesema hivyo, hubaki kuwa milki ya kampuni. Ni mithili ya fundi aliyekopeshwa mbao akaunda jahazi, akazilipa mbao zote, na jahazi likabaki la mwenye mbao.

Ani DiFranco, aliyezaliwa mwaka 1970 katika mji wa Buffalo, jimbo la New York, hakuutaka ufundi wa namna hiyo. Alikuwa akiimba katika mabaa tangu utotoni, na mwaka 1990 alitoa albamu yake ya kwanza katika kanda, nakala 500 tu, akaziuza mwenyewe kwa mkono, fedha taslimu, kwa watu waliokuwa wametoka kumsikia usiku uleule. Akaanzisha kampuni yake, ambayo baadaye ikaitwa Righteous Babe Records, ingawa kampuni hiyo kwa wakati ule ilikuwa ni yeye, gitaa lake na gari la kumchukua mji hadi mji. Makampuni makubwa yalipokuja kuposa, akayarudishia mahari yao. Takriban kila mwaka alitoa albamu, na kila albamu ilikuwa sababu ya kusafiri upya, na kila safari ilikuwa soko la albamu zote zilizotangulia; hata *Dilate* ya mwaka 1996 ikaingia katika orodha ya albamu 100 zinazouzwa zaidi nchini, na *Little Plastic Castle* ya mwaka 1998 ikaanzia nafasi ya 22.

Waandishi wa habari za fedha, ambao kwa desturi hawana haja na wapiga gitaa, walishtuka walipopiga hesabu na kuona kwamba kila nakala ya albamu ilimwingizia kiasi cha dola 4.25, ambalo ni fungu kubwa kuliko walilopata Hootie & the Blowfish, kundi ambalo albamu yao ya mwaka 1994 ilikuwa imeuzwa kwa mamilioni. Jarida la wanawake liitwalo *Ms.* likaisifu hesabu hiyo mwaka 1997, likataja na mauzo ya jumla ya DiFranco yaliyokwisha kupita nakala robo tatu ya milioni. Naye akaandika barua ya wazi kulalamika kwamba wamempima kwa fedha na kuiacha kazi yenyewe. Namheshimu kwa barua ile, lakini maadamu kurasa hizi ni za biashara, sina budi kurudi kwenye zile dola 4.25.

Hizo si faida halisi. Ni pato la mtu mmoja aliyekalia viti vitatu: cha mtunzi, cha mwimbaji na cha mwenye rekodi. Sheria ya Marekani huvitenga viti hivi kwa namna ambayo mgeni huiona shani. Redio ya kawaida ikiupiga wimbo hewani, hulipwa mtunzi, ilhali mwimbaji na mwenye rekodi hawapati hata senti. Lakini wimbo huohuo ukipigwa na redio ya intaneti au ya setilaiti, malipo ya rekodi hugawanywa mafungu matatu, asilimia 50 kwa mwenye rekodi, 45 kwa mwimbaji mkuu, na 5 kwa wanamuziki waliomsaidia. Basi aliyeuza rekodi yake hubaki na kiti kimoja au viwili, na asiyeiuza huvikalia vyote, ila ni yeye pia atakayelipa petroli, hoteli, mpiga ngoma, fundi wa sauti, mchapaji wa fulana, karani wa ofisini na mwanasheria. Atakuta pia kumbi zinazodai fungu katika fulana anazouza mlangoni, fulana ambazo mara nyingi ndizo zinazoilisha safari pale tiketi zinaposhindwa.

Ofisi hakuihamishia New York wala Los Angeles, bali aliiacha Buffalo, mji ambao viwanda vyake vya chuma vilikuwa vimekwisha kuzimika. Kanisa la karne ya 19 lililokuwa hatarini kubomolewa akalinunua yeye na meneja wake, wakalikarabati, wakaweka humo ofisi na ukumbi wa tamasha uliofunguliwa mwaka 2006. Aidha kampuni ilianza kutoa kazi za wengine, akiwamo mzee Utah Phillips, msimuliaji wa visa vya wafanyakazi na reli, na Andrew Bird, mpiga fidla. Na hapa mwimbaji aliyemkimbia tajiri akajikuta ni tajiri wa wenzake.

Rasilimali moja tu haikuweza kuandikwa daftarini. DiFranco hupiga gitaa kwa kucha za bandia zilizofungwa kwa utepe wa fundi umeme, akizichapa nyuzi kwa nguvu ya mtu anayepiga ngoma. Na mwaka 2005 kano za mikono yake zilivimba hata akalazimika kusimamisha safari kwa miezi kadhaa. Mwenye kiwanda mashine ikimharibikia hununua nyingine. Kampuni iliyojengwa juu ya kifundo cha mkono hungoja kifundo kipone, na mishahara haingoji.

Hirimu ya sasa imerahisishiwa mlango, ikaongezewa njaa. Bandcamp, iliyoanza kutumika mwaka 2008, humwezesha kijana kuuza albamu yake toka chumbani kwake na kutoa asilimia 15 tu ya mauzo ya kidijitali. Lakini wasikilizaji wengi siku hizi hawanunui, hukodi, na tangu mwaka 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa kwa mwaka katika Spotify hauhesabiwi katika mgao wa rekodi. Zile kanda 500 za mwaka 1990 zililipwa nakidi usiku uleule. Rekodi iliyosikilizwa huko mara 500 kwa mwaka leo hailipwi kitu.

Mwaka 2010 Righteous Babe ilitoa *Hadestown*, albamu ya Anaïs Mitchell, ambamo DiFranco mwenyewe aliimba sehemu ya Persephone. Kazi hiyo ikakua ikawa mchezo wa jukwaani, ikafika Broadway, ikanyakua tuzo nane za Tony mwaka 2019. Na mwaka 2024 DiFranco, mwenye umri wa miaka 53, akaajiriwa humo kuicheza Persephone ileile, akiingia kazini kwa saa aliyopangiwa na wengine.