XX na XY: Kanuni Nzuri Isiyotosha Chumba cha Kujifungulia

Katika soko la mbuzi la Ishiara, mnunuzi hufungua mdomo wa mnyama ahesabu meno, hupapasa kiuno, kisha huinua mkia. Jike au dume? Jibu huja papo hapo na mara nyingi huwa sahihi. Ndivyo ilivyo pia kanuni tunayofundishwa shuleni: kromosomu XX ni jike, XY ni dume. Ni kanuni nzuri. Humwezesha mfugaji kukadiria kwamba takriban nusu ya wana watakuwa majike.

Lakini mbuzi wenyewe huivuruga. Wafugaji wa mbuzi wa maziwa wa Ulaya, jamaa wa wale mbuzi wa Toggenburg walioletwa Meru miaka ya 1990, waliona zamani kwamba ukipandisha beberu asiye na pembe kwa jike asiye na pembe, baadhi ya wana hawaeleweki ni majike au madume. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walieleza kwa nini: kipande cha DNA kinachokosekana huondoa pembe, na mwana wa XX akirithi upungufu huo kwa wazazi wote wawili, huota korodani. Hana Y hata kidogo.

Kwa binadamu, jeni ya SRY, iliyogunduliwa London mwaka 1990, ndiyo huanzisha korodani. Baada ya hapo lazima homoni zitengenezwe, na mwili uzitambue. Hatua yoyote ikikwama, matokeo hubadilika. Yupo msichana wa XY ambaye mwili wake hauisikii homoni ya kiume. Huota matiti, ila hedhi haiji, na pengine hapo ndipo familia hujua.

Kuna hali moja ambayo mkunga hapaswi kuipitia haraka. Tezi zilizo juu ya figo zinaposhindwa kutengeneza homoni ya kotisoli, huzidisha homoni ya kiume, na mtoto wa XX huzaliwa na kinembe kikubwa kinachofanana na uume. Akiandikwa mvulana, kosa la jina ni dogo kuliko hatari iliyopo: katika hali kali, mwili hupoteza chumvi, na mtoto anaweza kufa ndani ya wiki chache. Mvulana mwenye maradhi hayohayo huonekana wa kawaida kabisa, kwa hiyo macho hayamwokoi.

Sensa ya 2019 ilihesabu mahuntha, yaani watu ambao miili yao haifuati kanuni hii ya jike na dume, 1,524 nchini Kenya. Naamini idadi hiyo ni ndogo kuliko hali halisi, kwani wengi hawajui, na wengine wamefichwa. Sheria ya Watoto ya 2022 inawalinda, na inakataza kubadilisha au kuondoa viungo vya mtoto huntha bila ushauri wa daktari wa jeni. Mzazi asikubali kisu kwa sababu ya aibu ya majirani.

Asikubali pia kusubiri. Mtoto mchanga anayetapika, anayekataa kunyonya na kuzidi kukonda, hasa kama sehemu zake za siri zina utata, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, apimwe chumvi ya damu. Dawa ipo, nayo ni vidonge vya kila siku.